Mama Idi Hakuwa Mmoja

Simu ya marehemu bado inapokea ujumbe. Wiki iliyopita, siku ya arobaini kule Mgori, tulikuwa tumekaa mkekani tukisubiri pilau pale Idi, mtoto wa kwanza wa marehemu, alipoitoa simu ya mama yake mfukoni na kunisogezea. Ujumbe ulitoka kiwandani: "Ndugu Zainabu Ntandu, mbegu yako ya alizeti ipo tayari kituo cha Mgori. Fika na kitambulisho." Idi ni mtu mzima sasa, ana ndevu na pikipiki, lakini ananiita mjomba na sauti hushuka akiniita hivyo. "Mjomba, wewe ulifanya kazi kwenye kompyuta zao. Hili jina nalihamishaje lije kwangu?" Nikamwambia tule kwanza. Wanaonijua wanaelewa kwamba nikisema tule kwanza, si njaa peke yake. Huwa natafuta pa kukaa vizuri kabla ya ugomvi.

Kukaa ndiyo kazi niliyoimudu maishani. Habari za ukoo wangu naziruka, hazina utamu: sisi ni watu wa Iramba, tunalima, basi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Watu husafiri kutoka mbali kuja kupiga picha na mawe ya Singida na maziwa yake. Mimi nilipanga chumba karibu kabisa na ziwa, na nililijua kwa kelele za vyura tu. Nilipomaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yakawa ya kusomwa kwa sauti ndogo, nilijifunza kompyuta kwa sababu moja ambayo sikuiandika kwenye barua ya maombi: niliona kwamba watu wa kompyuta hufanya kazi wakiwa wamekaa. Kiwanda cha kukamua alizeti kikanichukua. Wenzangu waliokuwa wakibeba magunia uani wakaniita Bwana Kiti, na jina likanikaa.

Chumba changu cha kazi kilikuwa stoo ya vipuri kabla ya kompyuta kuja. Kilikuwa na dirisha moja, feni moja, na kiti kimoja. Mgeni alikalia kreti la bolti. Nyuma ya ukuta mashine zilinguruma mchana kutwa, na vumbi la maganda liliingia mpaka kwenye chai. Harufu ya mashudu ilikuwa kwenye shati langu, kwenye mto wangu, na mama wa chai alidai ipo hata kwenye salamu zangu. "Bwana Kiti," alikuwa akisema akiweka kikombe, "siku ukifa hatutahitaji kukupaka chochote, utakuwa umeshaiva kwa mafuta." Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo ili ieleweke nilikuwa na kitu cha kupoteza.

Mwaka mmoja akaja dada Rehema. Alikuwa injinia wa data kutoka Morogoro, mwembamba, mwenye kucheka kwa kuchelewa, kana kwamba kila utani ulipitia kwanza mahali fulani kukaguliwa. Meneja alimwajiri kwa mkataba mfupi atujengee ghala la data. Siku ya kwanza alikalia lile kreti akaniuliza kiwanda kilinunua alizeti kiasi gani msimu uliopita. Nikampa jibu. Akaenda kwa mtu wa mashine, akapewa jibu lingine. Watu wa mauzo wakampa la tatu. Akarudi akicheka kile kicheko chake cha kuchelewa. "Kaka Elia, hakuna aliyenidanganya hata mmoja. Ndiyo shida yenyewe." Kituo cha Mkiwa walipima kwa kilo, Kiomboi waliandika magunia, Mgori waliandika madebe. Kila kituo kilisema kweli kwa upande wake, na papo hapo kilikuwa kikigombana na jirani yake. Ghala la data, alinieleza, ni mahali pamoja ambapo nakala za habari zote huletwa, zikapangwa zikasema lugha moja, ili mtu akiuliza swali moja apate jibu moja. Na swali lilikuwa limeshaulizwa. Kampuni kubwa ya vyakula iliyokuwa inanunua mafuta yetu ilitaka kujua kila mzigo umetoka mashamba ya nani, na msimu ujao itegemee nini. Bila hivyo wangenunua kwingine.

Alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia mpaka nikaiota. Ghala lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya chini, kila kilichoingia kilikaa vilevile kilivyoingia, hata kama kimekosewa. Sehemu ya juu ndiyo tuliyosafisha na kupanga. "Chini hatufuti," alisema. "Ukisafisha vibaya juu, unarudi chini unaanza upya. Ukifuta chini, umebaki na maneno ya mtu mmoja tu, yule aliyefuta." Mimi nilimwelewa haraka, na si kwa akili. Chumbani kwangu sikuwahi kutupa kitu.

Basi tukajaza. Tukageuza madebe kuwa kilo, magunia kuwa kilo, tukaunganisha majina ya vituo vyote, na siku moja asubuhi ghala likatoa ripoti yake ya kwanza. Juu kabisa ya orodha ya wakulima wote wa kiwanda alikuwa mtu mmoja wa Mgori: Mama Idi. Alizeti aliyotuuzia huyo mama ilikaribia kuwashinda wakulima wote wa Mkiwa kwa pamoja. Meneja, Bwana Mapunda, mtu wa tai hata mwezi wa joto, aliisoma ripoti akiwa amesimama, akatoka nayo uani akawasomea wabeba magunia. Akatangaza zawadi: jembe jipya la kukokotwa na ng'ombe, na picha na mnunuzi. Akatuagiza mimi na Rehema twende Mgori kumleta.

Mimi, Mgori. Nilijaribu kuumwa. Rehema akanitazama akasema, "Homa ya safari, naijua, mimi mwenyewe ninayo." Tukapanda fuso la kampuni, nikiwa nimeshikilia mlango njia nzima, na tulipofika karani wa kituo akatupokea vizuri mpaka nilipomuuliza anakokaa Mama Idi. Alikuwa kijana mwenye mke tayari, mpole, aliyesalimia kila apitaye.

"Mama Idi yupi?" akauliza.

"Yule anayeleta alizeti nyingi."

"Wote wanaleta nyingi. Yuko Mama Idi wa kwa Mwiru, yuko wa kule msituni, yuko wa karibu na msikiti, yuko..." Akaendelea, na kadiri alivyoendelea ndivyo Rehema alivyokaa chini kwenye mzani.

"Sasa kwa nini wote umewaandika jina moja?" Rehema akauliza. "Hawana majina yao?"

Karani akashangaa kweli. "Dada, mimi niseme Zainabu? Yule mama alinibeba mgongoni. Nikimwita jina lake mbele ya watu, mama yangu atanichapa mbele ya mke wangu."

Ndivyo tulivyompata bingwa wetu. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyelala kazini. Ilikuwa adabu tu. Karani alikuwa na adabu, na kompyuta, ambayo haina adabu wala utovu wake, iliona jina moja ikahesabu mtu mmoja. Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Rehema alicheka baadaye, tukiwa tumeshafika kwa Mwiru.

Mama Idi wa kwa Mwiru ndiye Zainabu, huyu tuliyemsomea arobaini. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba kisha akasema, "Mimi ni dada yako, usinizeeshe mbele ya mgeni." Alikuwa mke mkubwa wa Mzee Mwiru. Mke mdogo, Halima, alikuwa na nyumba yake upande wa pili wa ua, na mbele ya kila nyumba palikuwa na kihenge, kile kikapu kikubwa cha fito kilichokandikwa udongo, chenye kofia ya nyasi. Jioni ile tulikula ugali wa uwele na mlenda kwa Zainabu, na kabla hatujanawa Halima akaleta kuku wake kwenye bakuli lake. "Mgeni akishiba upande mmoja," alisema, "ataondoka akichechemea." Mzee alikula pamoja nasi. Alikuwa mtu wa ng'ombe, alizeti ilimhusu kama mimi ninavyohusika na mpira. Rehema alikuwa anavitazama vile vihenge.

"Mzee akipata wageni, anachota kihenge kipi?"

"Anaomba," Zainabu akasema.

"Na anaomba vizuri," Halima akaongeza kutoka mlangoni. Mzee akaendelea kutafuna.

"Na nyie hamchanganyi?"

"Tuchanganye ili iweje?" Zainabu akauliza. "Mwaka nikilima vibaya nataka nione kihenge changu kimelegea. Nikilima vizuri nataka yeye aone." Akamnyooshea Halima kidole chenye mlenda.

"Naona," Halima akasema. "Hata mwaka juzi niliona." Wakacheka wote wawili, na nilielewa kwamba mwaka juzi haukuwa mwaka mzuri wa Zainabu.

Kisha Zainabu akatuuliza habari za hilo ghala letu, na Rehema akamweleza bila kumpaka mafuta: kuanzia msimu ule kiwanda kingetoa mbegu bora kwa kufuata orodha ya ghala. Aliyeandikwa ameuza angepewa. Zainabu akaacha kula. Shamba lake lilikuwa mbali, kuelekea msituni, udongo mzuri lakini mbegu yake ilikuwa imechoka, ile ya kurudia kila mwaka mpaka vichwa vinatoka kama vifungo vya shati. Bila mbegu mpya, alisema, asingekuwa na sababu ya kwenda huko mwaka ule.

"Kwa hiyo humo kwenye kompyuta nimeshonwa gunia moja na akina mama wengine wote?"

"Ndiyo," Rehema akasema.

"Nitoeni."

Tukamtoa. Tulikaa Mgori kwa muda ambao kwangu ulikuwa uhamisho, tukaita akina mama, na kila mmoja akasema jina lake kwa mdomo wake mwenyewe, karani akiwa amegeukia ukutani anaandika asionekane anasikia. Kila mmoja akapewa namba yake, ili siku nyingine karani aulize namba na adabu yake ibaki salama. Zainabu alilisema jina lake mara mbili. Mara ya pili hakuna aliyemwomba.

Tulirudi Singida bila bingwa, na Bwana Mapunda hakupenda. Alikuwa ameshamwambia mnunuzi habari za Mama Idi. Alikuwa na jembe jipya ofisini kwake limeegemezwa kabatini, na mtu wa kumpa hayupo. Aibu ya mkubwa hutafuta mlango wa kutokea, na yake ilitokea kwetu. Akasema majina ya wanawake yanachanganya, leo Mama Idi kesho Zainabu, wanaume wana majina yanayokaa. Akaagiza: kaya moja, mstari mmoja, jina la mwenye kaya, yaani mume. Na yale ya chini yafutwe, yasije yakaleta vurugu nyingine. Rehema alibishana naye ofisini, nikisikia kupitia ukuta wa mbao. Alimwambia kazi yake ni kujenga ghala, si kulichoma. Meneja akamkumbusha mkataba wake unaisha. Na kweli uliisha. Siku ya kuondoka alinipa neno la siri la ghala, akasema, "Nakuachia wewe kwa sababu najua huendi popote." Ni sifa pekee ya kitaalamu niliyowahi kupewa, na bado naipenda.

Meneja alikuja chumbani kwangu kiwandani asubuhi moja, lori la mbegu likiwa limeshafika getini na mawingu yamejaa upande wa Mkiwa.

"Elia, umeshaunganisha zile kaya?"

"Bado, bosi."

"Bado nini?"

"Bado sitaki."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nilikuwa nimepanga kusema mtandao una shida. Akatazama mlangoni kama anatafuta aliyesema, kisha akakalia kreti la bolti, na tai yake ikaangukia vumbi.

"Bwana mdogo, mbegu ikienda kwa Mwiru si imeenda kwao? Si wanakula chungu kimoja?"

"Hawali chungu kimoja. Nimekula kule. Kila mmoja na chake."

"Nilikutuma ukalete mtu, wewe ukaenda kula."

"Nilikula pia."

"Mwiru ataigawa mwenyewe nyumbani kwake."

"Mwiru ana ng'ombe, bosi. Hana shamba la alizeti. Mnunuzi ameuliza mafuta yametoka kwenye mashamba ya nani. Tukimwandikia Mwiru tumemjibu uongo."

"Tumemjibu kwa kifupi."

"Basi kifupi hicho kiandikwe na mwingine. Mimi neno la siri sitoi, na hapa sinyanyuki."

"Nyanyuka kwenye kiti."

Nikashika kiti kwa chini, mikono miwili, kama nilivyoshika mlango wa fuso. Mtu mwingine angekumbuka saa kama ile kwa hotuba. Mimi naikumbuka kwa makalio. Nilikuwa mwoga wa barabara, wa mbwa, wa wageni, wa matokeo ya mtihani, lakini kukaa nilikuwa sijawahi kushindwa na mtu, na nikaona kwamba wote duniani wanaotutaka tufanye jambo baya huanza kwa kututaka tunyanyuke. Mama wa chai akaingia. Alikuwa amesikia yote, mbao zile hazikuficha kitu. Akaweka kikombe mbele yangu, akamtazama meneja, akatoka bila kumletea chake. Tukakaa hivyo, mimi kwenye kiti, yeye kwenye bolti, mpaka dereva wa lori akaja kuuliza kama anashusha au anaondoka, maana mvua inakuja na turubai lake limetoboka.

Meneja akasimama akajipangusa. "Shusheni," akamwambia dereva. "Gaweni kwa orodha iliyopo." Kisha akanigeukia. "Na wewe kesho usije."

Kwa hiyo nilifukuzwa. Watu walinipa pole, na nilizipokea kwa uso mzito, lakini ndani yangu nilikuwa nashangaa: ni adhabu gani hiyo, kumrudisha nyumbani mtu wa nyumbani? Nilifungua kijiduka cha kuchapa barua sebuleni kwangu, nikanunua kiti bora kuliko kile cha kiwandani, na nimekaa juu yake, na juu ya vingine vilivyokifuata, mpaka leo. Zainabu alipata mbegu yake. Msimu ulipoiva, mnunuzi alituma watu Mgori kuona mashamba, wakapokelewa na wenye mashamba wenyewe, kila mmoja na jina lake na namba yake, wakafurahi, wakamsifu sana Bwana Mapunda kwa mpango wake mzuri. Akazipokea sifa zote. Sikumdai hata moja. Jembe, nilisikia, lilibaki limeegemea kabati mpaka alipohamishwa. Zainabu aliniletea kuku kwa fuso, hai, amefungwa miguu kwa kitambaa, na ujumbe kwa mdomo wa dereva: "Mwambie mdogo wangu, kihenge kimejaa mpaka Halima amenuna."

Pilau ikaisha. Idi akanawa, akaileta simu tena.

"Mjomba, tumeshakula."

"Shamba la mama kule msituni analima nani?"

"Mwajuma." Huyo ni dada yake, aliyekuwa ananawisha wageni mikono wakati ule ule, akijifanya hasikii. "Lakini mkubwa ni mimi. Na si wote ni nyumba moja?"

Ile sentensi ilinifikia kutoka mbali, imevaa tai. Kabla sijajibu, Halima akajibu kutoka upande wa akina mama. Amezeeka, ana fimbo, sauti haijaguswa.

"Idi. Kihenge cha mama yako mwaka huu kimejazwa na nani?"

Idi akatazama simu.

"Jina la mama halihami," nikamwambia. "Halifutwi pia. Litafungwa pale lilipo, pakisomeka alilima mpaka lini, na chini yake ataandikwa anayelima sasa. Wewe ukitaka mstari wako, chukua jembe."

"Mjomba, unanikatalia mbele ya watu?"

"Nakukatalia nikiwa nimekaa. Shukuru."

Watu wakacheka, na Idi, ambaye ana moyo wa mama yake chini ya zile ndevu, akacheka mwisho, kwa kuchelewa. Akampa Mwajuma simu.

Kesho yake asubuhi, mimi mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, nilitembea na Mwajuma mpaka kituoni. Karani wa sasa ni binti, ana kompyuta ndogo juu ya meza na kucha za rangi. Akamuuliza Mwajuma jina, na Mwajuma akalisema mara mbili. Binti akainua macho akaniangalia mimi. "Na wewe mzee? Ndiye mwenye kaya?"

"Hapana," nikasema. "Mimi nimekuja kuangalia unavyoandika." Nikavuta kiti, nikakaa.